Nilimfanyia Mke Wangu kama Daktari wa Redioni

Mpendwa mshauri, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Ilula, kwetu ni Rungwe, na nisingekusumbua kama nyumbani kwangu pangekuwa na mtu wa kuzungumza naye, lakini hayupo, hii ni wiki ya sita nasonga ugali wa mtu mmoja na bado unabaki, kwa hiyo naomba unisome hadi mwisho kabla hujanikasirikia.

Mwezi wa kumi na moja mwaka jana tulifiwa na mtoto wetu wa pekee, wa kiume, wa miaka miwili, kwa surua, na wakati huo mimi nilikuwa Morogoro kwenye semina ya elimu ya watu wazima, telegramu ikachelewa, nilipofika nikakuta majirani na watu wa kanisa wameshazika siku tatu nyuma, nikamshukuru kila mtu, na Jumatatu nikarudi darasani. Haukupita muda baba yangu akaandika barua kutoka kijijini akiuliza kwa nini mjukuu wake amelazwa katika ardhi ya watu na nani alitoa ruhusa, nami kwa ujinga nikamsomea mke wangu, Yudith, barua yote mpaka sahihi. Tangu siku hiyo akaacha kuongea. Si kwamba alinuna, alipika, alifua, akiitwa anaitikia "ee", akiulizwa kama amekula anasema "bado", ila unamkuta amekaa na sufuria mapajani na mwenyewe hajui anataka kuiosha au kuipikia. Zahanati walimpa vidonge vya kuongeza damu.

Sasa mshauri, nadhani nawe unausikiliza ule mchezo wa redio wa Alhamisi jioni, wa Daktari Kalinga, yule daktari wa mawazo. Mimi sijakosa hata sehemu moja. Mgonjwa anaingia, analazwa kwenye kiti kirefu, daktari anamwambia kwa sauti ile ya upole, "Niambie," mgonjwa anakataa, daktari anangoja kidogo, anarudia, "Niambie," mgonjwa analia na kumtaja aliyemuumiza, kisha mwishoni daktari anamleta yule mtu mlangoni, wanatazamana, wanasameheana, muziki unapigwa, mgonjwa amepona. Nikaanza kuyanakili maneno yake kwenye daftari langu la maandalio ya masomo, nikajiambia kama hesabu naifundisha kwa kusoma kitabu, na hili nitaliweza.

Nikawa namketisha Yudith kitandani, mimi kwenye stuli na daftari, kila siku tukishakula, namwambia, "Niambie." Siku ya nane akasema, "Baba Asukile, mimi simkasirikii mtu." Katika mchezo mgonjwa akisema hivyo ujue amekaribia, basi nikawa na hakika kwamba mtu mwenyewe ni baba yangu, nikamwandikia aje.

Hapa naona aibu hata kuandika. Kwetu Wanyakyusa mke hakai mahali pamoja na baba wa mumewe, hamtazami, jina lake halitaji, akimwona anakuja njiani anaingia vichakani mpaka mzee apite, na Yudith tangu tuoane alikuwa ameishika heshima hiyo bila kuteleza. Nilijua yote hayo. Lakini nilijiambia sisi ni Wakristo na tumesoma, na Daktari Kalinga alikuwa amesema kwamba aibu ndiyo kufuli la moyo, kwa hiyo sikumwambia Yudith, na baba naye nikamdanganya kwamba mke wangu amesafiri. Aliposhuka kwenye basi nikamwingiza ndani moja kwa moja. Yudith akageuka, akamwona, akajifunika kanga usoni, na baba akageukia ukutani, mzee wa watu, amesimama na kapu la ndizi mkononi anatazama ukuta, na mimi katikati yao nikasema kwa sauti, "Sasa semeni." Yudith akatoka kwa mlango wa uani na hajarudi mpaka leo.

Baba aliondoka kesho yake alfajiri bila kuonja kitu. Yudith yuko Ipogolo kwa mwenzake wa kwaya, anaitwa Roza. Nilipomfuata, Roza alinizuia nje, akaniambia, "Mwalimu, mwenzio anakula, analala, shambani tunaenda wote. Ila akisikia tu mtu kasema 'niambie', huyo, katoka nje. We rudi kwanza." Nikarudi.

Naomba uniambie nilikosea hatua ipi, na kama unayo anwani ya daktari wa kweli ambaye huyu wa redioni ameigwa kutoka kwake, nipatie, nimpeleke Yudith. Alhamisi ikifika bado nawasha redio, si kwa ajili ya mchezo tena, ni ili ndani kuwe na sauti ya mtu. Ninaogopa harudi.

Mwl. L., Ilula, Iringa

JIBU

Marahaba, mwalimu. Nimekusoma hadi mwisho kama ulivyoomba. Nilikukasirikia, nikakuhurumia, kisha nilipofika kwenye "Sasa semeni" nikakukasirikia upya.

Daktari Kalinga hana anwani. Ni mwigizaji, na kiti kirefu cha mgonjwa pengine ni benchi la studio. Amepewa nusu saa, utoe muziki na tangazo la sabuni, na katika dakika zinazobaki lazima mtu augue, alie, apone. Simlaumu aliyeutunga, maana angeuandika ukweli mngezima redio wote. Tena lipo alilolisema sawasawa: huzuni humlaza mtu kama malaria, na kusikilizwa ni dawa. Mengine yote ni chumvi, na wewe umekula chumvi ukaacha mboga.

Kabla ya kupewa safu hii nilikuwa muuguzi wa wagonjwa wa akili kwa miaka tisa, chini ya mzee mmoja aliyeitwa Liberatus. Sikumsikia hata siku moja akisema "Niambie". Tulikuwa na mkulima mmoja asiyetoa neno, na Liberatus alikaa naye kila asubuhi wakichambua maharage ya jikoni, miezi minne. Siku mgonjwa alipofungua kinywa alisema maharage haya yana mawe. Liberatus akamjibu, "Kweli, yana mawe," wakaendelea kuchambua. Baada ya mwaka yule bwana alirudi kwake kulima, na kama alikuwa na siri hatukuijua. Wala sikuona daktari akimwita mzazi wa mtu kwa hila amshtukize mgonjwa. Aibu si kufuli, mwalimu. Kwa mke wako ile ilikuwa nguo, nawe ulimvua mbele ya baba yako.

Unauliza hatua uliyokosea. Nimesoma barua yako nikiwa na kalamu mkononi. Maneno ya Kalinga umeyanakili vizuri. Ya Yudith ni "ee", "bado", na sentensi moja, na sentensi yenyewe hukuisikia, ulikuwa unaiandika. Alikuita Baba Asukile. Jina la mwanao wewe hukuliandika popote, limeingia kwenye barua hii kwa kinywa cha mama yake. Mwanamke yule alimzika mtoto bila mumewe. Wewe ukafika, ukagawa asante, Jumatatu ukashika chaki. Telegramu kuchelewa si kosa lako, na sitakubebesha. Lakini wewe umelia lini? Naona unatafuta daktari wa mtu mmoja katika nyumba ya wagonjwa wawili.

Basi sikiliza. Baba yako umemwaibisha uzeeni, na barua ya msamaha haitoshi. Wanyakyusa wako tele hapo Iringa, tafuta mzee mwenye heshima, uongozane naye hadi Rungwe, na lile lililovunjwa litengenezwe kwa taratibu zenu. Yudith asiitwe wala asiulizwe, apelekewe tu habari kwamba yamekwisha. Hospitali iwe siku atakapoacha kula au kulala. Kwa sasa Roza anamtunza vizuri kuliko stuli yako, mwache hapo, na usimhesabie siku.

Daftari lile lichome. Kisha nenda kaburini. Kaburi liko hapo hapo Ilula, na katika barua yote hukusema kama umewahi kulifikia. Jumamosi hii nenda peke yako, ng'oa majani kwa mikono, kaa chini, mwite mtoto kwa jina lake. Kama machozi hayatoki, rudi Jumamosi inayofuata. Usiende Ipogolo kabla hujalia, kwa maana utaenda tena kama mkaguzi.

Ukishalia, nenda. Usipeleke swali lolote, wala ombi la kurudi nyumbani. Mkute shambani, mwambie, "Mama Asukile, nimetoka kwa mtoto wetu." Kisha nyamaza, uone kama atakuachia mstari wa kupalilia kando yake.