Kata Nusu, Shemeji

Shemeji Kambale,

Hujaungua. Naanza na hilo kabla ya salamu, kwa sababu najua huko uliko umeuona moshi, ukajiuliza kama Bwambale mwenye mdomo analilinda kaburi lako au yuko Bwera anapiga stori. Nimelilinda. Msalaba wako wa mbao umesimama. Ulishika majivu kidogo tu, nikaupangusa kwa shati langu jeupe la harusi, ujue ninavyokuheshimu.

Haya, nakusikia. Lilikuwa shati la shamba.

Tangu uende sina mtu wa kunikata. Unakumbuka Mpondwe tulipokuwa wapagazi, nikawa nawaeleza madereva jinsi nilivyovusha friji mpakani, mgongoni, peke yangu, mvua inanyesha na mto umejaa? Watu wote midomo wazi. Wewe ukaweka kikombe chini: "Shemeki, kata nusu. Ile ilikuwa redio. Mutu moja hawezi beba friji." Wakacheka mpaka chai ikamwagika. Wakati huo ulikuwa hujamwoa dada yangu Masika, hata kumwona hujamwona, lakini tayari unaniita shemeki, ndivyo mnavyosema shemeji kwenu. Nadhani ulikuwa unapiga hesabu. Nilikasirika, lakini niliona jambo moja: ukishanikata, ile nusu inayobaki watu wanaiamini.

Unajua pia niliyowaahidi ndugu zako. Ulipofariki walitaka kukupeleka Butembo, ng'ambo ya mpaka, kwa baba zenu, ila njia ya Beni ilikuwa na risasi, hakuna gari lililokubali. Tukakulaza Kyondo, kwenye kahawa uliyoipanda na Masika. Niliwashika mkono pale mpakani nikawaambia, "Siku barabara ikitulia mtamkuta nilivyomwacha." Hiyo haikuwa stori. Hiyo ilikuwa ahadi.

Sasa sikia kiangazi kilivyotufanya. Kila mwaka wachungaji wanachoma majani huko juu ili nyasi changa zitoke, jioni moto unachoka wenyewe, basi. Safari hii moto haukuchoka. Mvua iligoma. Kilima kimoja kikimaliza, kingine kinapokea, kama watu wanaopokezana jembe. Moshi ulifunika milima mpaka tukasahau kama kuna theluji kileleni. Masika alikuwa akianika kahawa kwenye turubai asubuhi, mchana anachambua masizi. Ng'ambo ya bonde watu walilala na mashamba, wakaamka na makaa.

Jumapili moja kilima kizima kilikuwa kigangoni kuomba mvua. Mimi sikwenda. Nilipanda juu kumtafuta mbuzi wa Masika, na Mungu ananielewa, tunajuana. Nilipofika kwenye mgongo wa kilima nikaona moto umesimama upande wa pili wa korongo. Nikajisemea, korongo ni pana, mawe matupu, hautavuka. Ndipo panya wa porini akatoka kwenye majani, mgongo unawaka. Akateremka mawe, akapanda upande wetu, akaingia kwenye nyasi kavu. Pale alipoingia, moshi ukainuka. Na upepo ukageuka, ukaanza kushuka kwenye kahawa yako.

Nilishuka ule mlima mbio, hata swala angeniomba nimsubiri. Kata nusu: sehemu kubwa nilishuka kwa makalio.

Nilipofika kigangoni sala ilikuwa imekwisha, watu wako uwanjani. Unamjua Baluku, jirani yenu, yule ambaye migomba yake iko juu ya shamba lako, pale kwenye mpaka wa mashamba yenu. Akaniona natweta akasema, "Nyamazeni, padri wa uongo amefika. Leo umeona nini, mzee? Simba anavuta sigara?" Watu wakacheka. Hata katekista, akiwa bado na kitabu mkononi.

Shemeji, stori nilikuwa nayo tayari. Nilikuwa nimeitengeneza njia nzima: miali mirefu kuliko kanisa, ndege wanaanguka wameiva, na yule panya nimemfanya mkubwa kama mbwa. Nikafungua mdomo. Nikamwona Masika. Hakuwa anacheka. Alikuwa anatazama chini, kama mtu anayengoja kuaibishwa na wa kwao. Na ndani ya sikio langu, wazi kabisa, nikakusikia: "Shemeki, kata nusu."

Nikakata. Halafu ile nusu nikaikata tena.

Nikasema kwa sauti ya chini, "Moto umevuka korongo. Upepo unashuka huku. Tuiangushe migomba ya Baluku."

Baluku akangoja. "Na kisha?"

"Basi."

"Basi nini?"

"Basi hivyo."

Kicheko kilikufa kama mtu amekikanyaga. Masika akainuka. "Tangu tukiwa watoto," akasema, "sijawahi kumsikia huyu akifika mwisho wa stori. Baluku, panga lako liko wapi?"

Sasa usimlaumu Baluku. Ile migomba ndiyo chakula cha watoto wake, na mikungu ilikuwa bado michanga. Kutoka pale uwanjani hakuna aliyeuona moto, moshi ulikuwa uleule wa kila siku. Alikuwa na uso wangu tu wa kuangalia. Aliuangalia muda mrefu. Kisha akaenda yeye mwenyewe mbele, akaupiga mgomba wa kwanza, na mkungu wake.

Mgomba ukisimama na majani makavu ni kuni. Ukilala ni maji. Tuliyachana majani yote tukayatupa mbali, tukapanga magogo yake kichwa kwa mguu kando ya mpaka, mistari juu ya mistari. Wengine walilima ukanda mbele yake mpaka udongo mtupu. Wanawake wakapandisha maji ya chemchemi kwa jerikeni, wakamwagia. Mimi nilikuwa kamanda. Nilipiga kelele kama afande wa kambini: "Wewe, shika jembe! Wewe, rudi nyuma!" Masika akaniambia kamanda naye ana mikono. Nikashika jembe.

Moto ulikuja kwa sauti, kama malori yanapanda mlima. Ulifika kwenye magogo ukaanza kuyauma, nayo yakapiga kelele, fiii, yakatoa mvuke. Cheche zilizoruka tulizipiga kwa matawi mabichi. Kona moja ulipenya, ukachukua miche yako ya juu, ile uliyoisifu kuliko watoto wako. Nisamehe hiyo. Pale ulipolala wewe haukufika. Moto ulikufa ukiwa unatutazama.

Watu walipoondoka nilikaa karibu na wewe. Nilitaka nikusimulie, nikaona nitakuanzishia hivi, nitakupeleka hivi. Nikafungua mdomo. Shemeji, mdomo huu. Ulikataa. Nikapangusa msalaba tu, tena na tena, ulikuwa umeshatakata.

Sasa mvua imerudi. Migomba ya Baluku imetoa machipukizi mengi kuliko ilivyokuwa, na Masika anampelekea ndizi za kwake mpaka yakue. Wanakosana kila mara kwamba ameleta kidogo, kwa hiyo mambo ni mazuri.

Wiki iliyopita niliingia kwenye kibanda cha chai, Mpondwe, palepale petu. Nikamkuta Baluku anasimulia. Madereva, mawakala wa forodha, afande mmoja wa mpakani, wote midomo wazi. Miali mirefu kuliko mnara wa simu, anasema. Bwambale amesimama katikati, nguo zinawaka, anaukata moto kwa panga mpaka unarudi ulikotoka. Afande akanigeukia: "Ni wewe huyo?"

Kambale, nimeingoja siku hiyo maisha yangu yote. Mtu mwingine anadanganya kwa ajili yangu, na mashahidi wamejaa. Nikavuta kiti, nikakohoa kidogo, na nikaisikia sauti yangu inasema:

"Baluku, kata nusu."

Wakacheka mpaka chai ikamwagika. Mimi niligeuka kuangalia nyuma kama ni wewe.

Basi lala, shemeji, kwenye kahawa yako. Kila kiangazi nitalifyeka kaburi lako kabla nyasi hazijakauka, na ile miche ya juu nitaipanda upya, iwe mizuri kuliko ya kwako. Barabara ikitulia ndugu zako watakukuta nilivyokuacha. Huku nitajikata mwenyewe, nimeshajifunza. Lakini habari ya yule panya sijamwambia mtu mwingine, hata Masika. Nimekuletea wewe mzima mzima. Huyo usimkate.

Ni mimi shemeji yako Bwambale, niliyeuzima moto wa Kyondo kwa mkono mmoja.

Mikono miwili. Na watu.