Kocha, Nimehama Dirishani

Kocha,

Unajua mimi si mtu wa kuongea. Ulinifundisha voliboli muhula mzima kabla ujue sauti yangu iko aje, siku ile mpira uliponigonga puani. Kwa hivyo naandika.

Kwanza nisamehe yale niliyosema kwa mazishi yako. Haikuwa mpango. Tulikuja Migori timu nzima na jezi, tukacheza seti moja pale bomani kwenu, kamba ya kuanika nguo ikawa neti. Halafu MC akatangaza, "Kapteni aseme neno!" Kocha, watu walijaa mpaka kwa mahindi ya jirani. Nikashika maikrofoni, nikaona jeneza, nikalia, na badala ya kusema pole nikasema, "Kocha, nitaenda Amerika kuchezea chuo kikuu!" Makofi! Mamako akanikumbatia. Pasta akaniombea visa papo hapo.

Tangu siku hiyo nimepoteza jina. Hata mpishi akinipimia githeri anasema, "Amerka, leta sahani."

Na mimi nina D ya Hesabu.

Yule kocha wa Amerika uliyemtumia video zangu alipiga simu kwa ofisi ya mwalimu mkuu. Mama mpole. Akaniuliza Hesabu yangu ikoje. Nikamwambia naruka juu sana. Akacheka, akasema kuruka ameshaona. Kumbe huko hugusi mpira wa chuo mpaka wakague alama zako tangu kidato cha kwanza: Hesabu, Kiingereza, Sayansi, Historia. Voliboli hawahesabu. Na wewe uliniapia kwamba ni somo! Akasema nikipata C mtihani wa mwisho wa mwaka, tutaendelea. Nisipopata, atatafuta mwingine.

Sasa hapa shuleni wote wanakulaumu wewe. Wanakumbuka ulivyosimama nje ya darasa, ukapiga mluzi mara mbili, ukamwambia Madam Akeyo wa Hesabu, "Naomba huyu Nyar Lambwe dakika tano tu." Hivyo ndivyo ulivyoniita, binti wa Lambwe. Dakika tano zako ziliisha saa ya chakula.

Mimi nimenyamaza tu. Lakini wewe siwezi kukudanganya. Nilikuwa naketi dirishani makusudi, unione haraka. Siku ukichelewa, nilikohoa. Niliogopa Madam ataniita ubaoni, darasa lote liangalie mgongo wangu. Uwanjani hakuna aliyeniuliza x ni ngapi. Pole kwa kukuachia lawama, Kocha. Ulikuwa umeenda, ikawa rahisi.

Na unajua nani amechukua timu? Huyo huyo Madam Akeyo. Walimu wengine walikataa. Anakuja uwanjani na viatu vya kisigino na ile rula ndefu ya ubaoni, anapima mkono wangu. "Amerka, hiyo pembe ni digrii ngapi?" Nikikosea, sipigi. Wasichana wanakufa kwa kicheko. Kibaya zaidi, spaiki zangu sasa zinaingia. Jioni ananiketisha kando ya neti, tunafanya hesabu kwa karatasi mpaka giza liingie. Nilimwomba asiniite ubaoni, na hajawahi kuniita. Sikujua mtu anaweza kuombwa hivyo, kwa mdomo tu, na akubali.

Siku ya mtihani nilihama dirishani. Nikaketi katikati, kati ya wasichana wawili wanene wa kurusha kisahani, nisiweze kutoroka. Nilikuwa kwa swali la nne. Nje mtu akapiga mluzi. Mara mbili.

Kocha, miguu ilisimama kabla yangu.

Darasa likacheka. Halafu likanyamaza, ghafla, kila mtu amekumbuka. Madam alinitazama juu ya miwani, akaanza kupanguza ubao ambao haukuwa na kitu. Nikaketi. Nikarudi kwa swali langu.

Nimepata C. Haina alama ya kutoa mbele yake, nimeangalia mara tatu. Mama wa Amerika ameambiwa. Madam ameandika chini kwa kalamu nyekundu: "Inawezekana zaidi. Na ufunge kamba za viatu."

Nakuahidi hivi: Amerika nikifika, na nisipofika, sitatoka tena katikati ya somo. Ule mluzi, wanasema ni mlinzi alikuwa anafukuza mbuzi uwanjani. Sawa. Lakini kama ulikuwa wewe, Kocha, siku nyingine ningojee mpaka kengele ilie. Nitakuja mbio.

Oriti, lala salama.

Ni mimi Nyar Lambwe wako. Amerka, bado.