Kofia Juu ya Swichi

Jumatatu, 10 Novemba 1997. Moroni

Umeme umekatika saa tatu asubuhi, umerudi saa saba. Vidonge viwili: kimoja cha moyo, kimoja cha maji yanayojaa miguuni. Nimezunguka nyumba kama kila siku na kugusa soketi zote kwa mgongo wa mkono. Kwa mgongo, si kwa kiganja. Kiganja kikikutana na umeme hujifunga na kung'ang'ania. Mgongo wa mkono huruka. Soketi ya chumbani kwa Eshata ilikuwa ya moto. Binti yangu ana miaka arobaini na bado anachomeka birika, pasi na redio mahali pamoja.

"Baba, umestaafu," ananiambia.

Nimestaafu. Mkono haujastaafu.

Daktari alisema labda mvua hizi, labda zinazofuata. Nilimshukuru. Si kufa kunakonitisha.

Naandika Kiswahili kwa sababu nililelewa Unguja na ndiyo lugha niliyofunzwa kuandika kwanza. Na kwa sababu Eshata haisomi.

Jumanne, 11 Novemba

Eshata amerudi kutoka soko la Volo Volo na habari badala ya vitunguu. Muuzaji mmoja katoka Ndzuani, kisiwa jirani, wiki iliyopita. Huko tangu wajitenge nasi mwezi wa nane, wakitaka kurudi chini ya Ufaransa, hakuna mishahara, shule zimefungwa, dawa hakuna. Mwezi wa tisa askari wetu walikwenda kuwarudisha kwa nguvu, na wengine hawakurudi. Lakini barafu ya wavuvi wa Mutsamudu, mji wao mkuu, haijakosekana hata siku moja. "Humadi wa barafu," muuzaji alisema. "Kiwanda chake hakijamjeruhi mtu."

Nimemwaga chai.

Humadi yu hai. Miaka yote hii nilijiambia huenda amekufa. Nilikuwa natumaini. Ndivyo nilivyo.

Jumatano, 12 Novemba

Niandike sasa, kabla sijaanza kujionea huruma.

Wafaransa walipoondoka, wakaguzi wao waliondoka nao. Nikabaki na muhuri peke yangu, mkaguzi wa umeme wa kila kiwanda, visiwa vyote. Moroni palikuwa na kiwanda cha barafu. Sheria ilitaka fimbo ya shaba iliyozama mita mbili ardhini, na waya wa kuiunganisha na kila mashine. Umeme ukipotea njia ukaingia kwenye chuma, fimbo huupeleka ardhini, fyuzi inaungua, mtu anapona. Lakini Ngazidja, kisiwa chetu hiki, haina ardhi, ina mwamba wa volkano. Mafundi waliipigilia fimbo mpaka ikagoma, kiasi cha mkono mmoja, wakaikata iliyobaki kwa msumeno.

Asubuhi ya ukaguzi nilikuta mwamba umelowa pale fimbo ilipoingia. Mvua haikuwa imenyesha kwa wiki tatu. Kipimo changu kilisoma vizuri mno. Niliinama kama mtu anayefunga kamba za viatu, nikachovya kidole, nikaonja. Chumvi. Walikuwa wamemwagia maji ya chumvi ya kugandishia barafu, ili mwamba ufanye kazi ya ardhi kwa siku moja.

Mwenye kiwanda alisimama nyuma yangu. Alikwisha kufanya ndoa kuu, ile harusi ya karamu ya mji mzima ambayo kwetu mtu huifanya hata akiwa na watoto wakubwa, ndipo ahesabiwe mtu. Kwenye uwanja wa mji alikaa safu ya mbele. Ndoa kuu yangu ilikuwa mwezi uliofuata, na yeye ndiye angetembea kuliani kwangu mbele ya watu. Asipokuja yeye, safu nzima ya mbele isingekuja. Kwetu, ambaye hajafanya ndoa kuu hamwambii aliyefanya kwamba anadanganya.

"Kipimo kinasemaje?" aliuliza.

Nikasema kinasema vyema. Nikapiga muhuri.

Nilioa kwa fahari. Bado watu wanaisimulia karamu.

Mwamba ulikauka. Miezi miwili baadaye Humadi, fundi wa pale, alipandisha swichi ya pampu. Waya ulikuwa umechubuka ndani. Shemeji yake, Sufu, alikuwa ameweka kiganja juu ya chuma cha pampu. Fimbo ingekuwa nzima, angeshtuka tu na kutukana. Alikufa akiwa ameshika. Alikuwa na miaka kumi na tisa.

Ripoti ya kifo niliandika mimi. "Chanzo: uzembe wa fundi Humadi, aliyewasha bila kutazama." Fimbo sikuitaja. Humadi alirudi Mutsamudu na maiti ya kaka wa mkewe.

Imeandikwa.

Ijumaa, 14 Novemba

Ndege ndogo ya Ouani, uwanja wa ndege wa Ndzuani, imeanza tena, ikijaa. Nimepata nafasi ya kesho. Eshata amelia, kisha amekasirika, kisha amenifungia mkate.

"Unakwenda kufia kwa watu walioshusha bendera yetu?"

Nimemwambia nina kazi sikuimaliza. Kweli tupu. Nimechukua kipimo cha zamani, kile cha kuzungusha kwa mpini.

Jumamosi, 15 Novemba. Mutsamudu

Ouani askari wao wamenipekua. Walipofungua sanduku la kipimo wakaona mpini, nyaya mbili na sindano kwenye kioo, wakarudi nyuma wote.

"Hiki nini, Bako?" Kwetu babu ni Bakoko. Hapa ni Bako.

"Kinapima kama ardhi itaupokea umeme."

"Moroni wamekutuma kupima ardhi yetu?"

"Nimejituma mwenyewe."

"Wameishiwa askari," mwenzake akasema, "sasa wanatuvamia kwa vizee."

Wakacheka. Yule wa kwanza akashika nyaya mbili, mwenzake akazungusha mpini. Akaruka hatua mbili, bunduki ikamponyoka begani. Hapo wakacheka zaidi, na yeye naye. Wakaniitia gari.

Njiani nimeona bendera ya Ufaransa juu ya mlingoti. Niliiona ikishushwa nikiwa na nguvu zangu. Leo nimeiona imepandishwa na watu wetu wenyewe. Nilitazama tu.

Jumapili, 16 Novemba

Humadi amenitambua mlangoni. Ndevu nyeupe, mwili mdogo. Nilidhani atanipiga. Ameubusu mkono wangu.

"Mwalimu," ameniita. Mbele ya wafanyakazi wake.

Nimekagua viwanda miaka arobaini, sijaona hiki. Sakafu ya saruji imeinamishwa ili maji yatiririke nje. Kila waya upo ndani ya bomba lake. Mashine zote kuukuu, zimepigwa viraka, vipuri haviji kutoka popote. Na hakuna hata chuma kimoja kilicho uchi.

Kisha nikaona swichi kuu. Mpini mrefu, ukutani, juu. Umeshushwa. Juu yake zimetundikwa kofia nne.

Ni utaratibu wake. Anayetaka kuingia kwenye mashine hushusha mpini na kutundika kofia yake. Kofia ikiwepo, hakuna anayegusa. Haiondoi mwingine, hata mwenye kiwanda, hata kwa ruhusa. Mwenye kofia peke yake. Na hakuna atakayeisahau, maana nani atatoka barabarani kichwa wazi? Kila kofia ina nakshi zake. Zainaba, mke wa Humadi, ndiye anayezishona, kila mtu na yake. Zainaba, dada wa Sufu.

Ulaya hutumia kufuli kwa kazi hiyo. Nimezisoma vitabuni. Kufuli huvunjwa. Sijui nani angethubutu kuvunja heshima ya kofia.

Nilisimama pale kama mtu aliyeingia msikiti mkubwa kwa mara ya kwanza.

"Ni ripoti yako iliyonifunza haya yote, mwalimu," Humadi ameniambia. "Nakala yake hukaa mfukoni mwangu. Kila nikichoka naisoma."

Nalala kwao. Wamenipa chumba cha mbele.

Jumatatu, 17 Novemba

Nimepima ardhi. Humadi amezamisha fimbo tatu kwa nyundo yake, nzima nzima. Hapa kuna udongo, mto uko karibu. Nilizungusha mpini, yeye akasoma. Sindano ilishuka mpaka mwisho na kutulia, kama mtu aliyesujudu. Nimelia. Akadhani ni uzee.

Naweza kunyamaza. Nakiri nimewaza hivyo. Ananiita mwalimu. Kiwanda hiki kimesimama juu ya uongo wangu na hakijaua mtu. Nikiuondoa uongo, kitasimama juu ya nini? Ni hoja nzuri. Ni hoja ya mwoga aliyesoma.

Maana nimeona chakula cha mchana. Zainaba huweka sahani ya mumewe mbele yake na macho yake yako ukutani. Humwambia, "Kula." Basi. Hamtazami. Watoto wanne wamezaa, wakawalea, wakawaoza, na hamtazami.

Jumanne, 18 Novemba

Nimesema. Baada ya alasiri, uani. Zainaba akishona kofia, Humadi akinoa bisibisi.

Nimesema yote, kwa mpangilio, kama ninavyosoma ripoti. Humadi hakuinua kichwa. Zainaba ndiye aliyeuliza.

"Ulionja?"

"Nilionja."

"Ilikuwa chumvi."

"Ilikuwa chumvi, Bweni." Ndivyo aitwavyo mwanamke wa heshima.

"Na ukaandika jina la mume wangu."

"Niliandika."

Sindano yake ilikuwa bado ndani ya kitambaa. Akaimalizia nakshi ile, akakata uzi kwa meno.

"Miaka ishirini na miwili," alisema, "namwekea huyu chakula bila kumtazama."

Humadi akasimama, akaenda kiwandani. Ilikuwa saa ya kutoa vibonge vya barafu. Aliisahau bisibisi chini.

Nimekaa na aibu yangu. Nilidhani nitahisi wepesi. Sijahisi.

Jumatano, 19 Novemba

Hakuna aliyenifukuza. Hilo ni zito kuliko kufukuzwa. Chakula kimeletwa, kimewekwa.

Mchana Zainaba amekuja na daftari na kalamu.

"Andika. Uliandika kwa mkono, utafuta kwa mkono. Nakala mbili. Moja yetu. Ya pili utaisoma huko kwenu, kwenye uwanja ulikoolea."

"Huenda nisifike."

"Basi usife kabla ya kuandika."

Nimeandika. Kurasa tatu kila moja. Fimbo, msumeno, mwamba, maji, kidole, ulimi. Jina la Humadi nimeliandika mara moja tu, kwenye mstari unaosema hakuwa na kosa. Muhuri sina tena. Nimeweka dole gumba.

Alhamisi, 20 Novemba

Humadi amekuja kunichukua mwenyewe. Haniiti mwalimu. Ameniita Bako.

Leo ilikuwa siku ya kusafisha mashine. Mpini umeshushwa, kofia zimetundikwa. Humadi akanionyesha ukuta. "Ukiingia humu, nawe utundike."

Nilivaa kofia ya ndoa kuu yangu. Sikuwa na nyingine. Nikapanda sanduku la mbao na kuitundika juu ya zao.

"Bako," mmoja akasema, "kipara hicho kinaangaza kuliko taa zote za Moroni."

"Za Moroni zimekatika," nikamjibu. Wakacheka. Kicheko cha mwisho.

Nikasoma. Wafanyakazi saba, wavuvi wakisubiri nje, wanawake mlangoni, Zainaba mbele yao. Mashine zimezimwa, kila neno lilisikika. Nilipofika kwenye ulimi na chumvi, mvuvi mmoja alitema mate chini. Ilikuwa haki yake.

Nilipomaliza, Zainaba alikuwa anamtazama mumewe. Usoni. Alimtazama muda mrefu, kama anayehesabu mvi. Humadi hakujua afanye nini na mikono yake. Mimi nikageuka, maana pale hapakuwa mahali pangu.

Kazi ikaisha. Kila mtu akachukua kofia yake. Ikabaki moja. Yangu. Miguu ilikuwa imeniishia, nimekaa sakafuni. Barafu inayeyuka, wavuvi wanapiga kelele. Fundi mmoja, kwa huruma, akanyoosha mkono anichukulie.

"Iache!" Humadi alipaza sauti. Mara ya kwanza kumsikia akipaza sauti. "Ya mwenyewe."

Wakasubiri. Kiwanda kizima, na bahari nje, wakimsubiri mzee aliyewaharibia. Humadi akasogeza sanduku, akanipandisha, akanishika kiuno kwa mikono miwili. Mikono yake ina nguvu. Angeweza kuniangusha. Nikaichukua kofia yangu kwa mkono wangu.

Akanishusha. Akazunguka mashine zote, akauliza mara tatu, "Nani yuko ndani?" Akapandisha mpini. Kisha, kabla ya mtu mwingine yeyote kusogea, akaigusa pampu yeye kwanza. Kwa mgongo wa mkono.

Miaka arobaini nimefanya kazi na umeme na sijawahi kuuona. Leo nahisi nimeuona.

Jumamosi, 22 Novemba

Homa. Siandiki sana.

Ndege ni wiki ijayo. Nakala ya pili ipo ndani ya sanduku la kipimo, na barua ya Kifaransa kwa Eshata yenye maneno yale yale: nisipofika, asome yeye, uwanjani, mbele ya safu ya mbele.

Asubuhi Zainaba ameleta kipande cha barafu ndani ya gunia. Ameniwekea kwenye paji la uso. Hakusema amenisamehe. Sikumwuliza.

Mchana niliwasikia uani. Anamgombeza mumewe kwa kuchelewa kula. Amemgombeza muda mrefu, kwa maneno mengi. Humadi alikuwa anajitetea. Nilisikiliza mpaka mwisho.

Kabla ya kulala tena nimenyoosha mkono nikaigusa soketi ya chumba hiki. Baridi.