Maji ya Kuchemsha

Njoro, 4 Machi 2024

Mulembe kuka,

Habari za Sachangwan, na kifua kinaendeleaje na baridi hiyo? Mimi ni mzima. Kazi ndiyo mgonjwa.

Unajua ninachofanya maabara: nakata ukanda wa msuli wa tumbo la panya, nauning'iniza ndani ya kikombe cha kioo chenye maji ya chumvi yenye joto la mwili, kisha natia tone la galanini. Msuli unajikaza, sindano ya mashine inachora mlima kwenye karatasi. Tangu wiki jana inachora mstari tambarare tu.

Kuka, namshuku Gathogo. Tunashiriki meza, na nafasi ya msaidizi wa maabara ni moja. Alhamisi nilimkuta amefungua chupa yangu ya galanini, anainusa. Nikamuuliza, "Boss, unatafuta nini?" Akasema, "Kwani imekuwa pafyumu?" Mtu asiye na hatia hajibu hivyo. Ijumaa nitamwambia Daktari Akoth, msimamizi wetu.

Najua masikio yako yamekosana na simu. Wachuka wa duka la hapa Njoro akija kununua viazi vyako, mpe barua.

Mjukuu wako,
Nasimiyu

Sachangwan, 7 Machi 2024

Mjukuu wangu,

Mulembe. Kifua ni kile kile, viazi ni vizuri.

Nimefundisha baiolojia maisha yangu yote, basi vumilia nikueleze hata unachokijua. Galanini ni ujumbe ambao neva hupeleka kwa msuli. Msuli usipotii, huenda ujumbe umeharibika, au msuli wenyewe umekufa, au mahali wanapokutana ni pabaya. Wewe umerukia ujumbe kwa sababu umemwona mtu ameshika chupa.

Tia asetilikolini, ujumbe mwingine wa neva. Msuli wa tumbo huijua kama mtoto ajuavyo jina lake. Ukijikaza, shuku chupa ya galanini. Ukiikataa hiyo pia, chupa haina hatia, wala aliyeinusa.

Na uniambie maji ya kikombe yanatoka wapi. Ijumaa usimtaje mtu.

Kuka wako

Njoro, 13 Machi 2024

Mulembe kuka,

Natumai umeamka salama. Barua yako niliipata Jumamosi, na Ijumaa nilikuwa nimeshasema. Gathogo amenyang'anywa ufunguo wa maabara. Alinipita mlangoni akasema, "Asante, madam." Basi.

Nimetia asetilikolini. Tambarare.

Maji usiyashuku. Mashine ya kutonesha maji safi kutokana na mvuke iliharibika mwisho wa Februari, lakini nayachemsha mwenyewe hosteli, mara mbili, naleta mtungi ambao mimi na Gathogo tumekuwa tukiutumia sote wawili. Ni safi kabisa.

Mjukuu wako,
Nasimiyu

Sachangwan, 18 Machi 2024

Mjukuu wangu,

Mulembe. Nimefika mwisho wa barua yako nikavua miwani.

Unayajua meno yangu. Yamekuwa ya kahawia tangu utotoni, kule landi, nyumba za wafanyakazi wa reli, Nakuru. Mama alichemsha kila tone tulilokunywa, na matumbo hayakutuuma. Meno yalibadilika vile vile. Moto huua vijidudu, lakini floridi, ile chumvi ya maji ya huku iliyoyatia rangi, hauigusi. Maji yanapanda kwa mvuke, yeye anabaki sufuriani, na ukirudia kuchemsha anazidi nguvu. Floridi hushikamana na kalsiamu, na msuli usio na kalsiamu haujikazi. Sina hakika kama ni floridi, au magadi, au vyote. Omba maji yaliyotoneshwa kwa idara nyingine, ulinganishe.

Halafu jiulize: kama Gathogo alitumia mtungi huo huo, sindano yake ilikuwa ikichora nini? Mwenye mtungi unamjua. Daktari Akoth bado hamjui.

Kuka wako

Sachangwan, 15 Aprili 2024

Mjukuu wangu,

U mzima? Wachuka anasema ulinunua mkate kwake juzi, kwa hivyo mikono unayo. Maji mapya yangechora tambarare, ungeniandikia siku hiyo hiyo ukilalamika. Basi yalichora mlima. Ninachokishuku sasa si maji.

Kuka wako

Njoro, 22 Aprili 2024

Mulembe kuka,

Mwili haujambo. Pole kwa kimya.

Sindano ilichora mlima siku ya kwanza, na nikanyamaza nao. Barua yako ilipofika nilimtafuta Gathogo kwao. Hakunikaribisha kiti. Akasema, "Nilinusa yako kwa sababu yangu pia ilikuwa imekufa. Nilidhani ni wewe unaniharibia." Nikamweleza habari ya mtungi. Akauliza, "Mara mbili? Ulichemsha mara mbili?"

Tulienda kwa Daktari pamoja. Aliniuliza swali moja tu: "Ulijua lini?" Nikamwambia ukweli. Nafasi amepewa Gathogo. Mimi naosha vikombe vya kioo hadi muhula uishe.

Jambo la kwanza alilofanya msaidizi mpya ni kubandika karatasi kwenye mtungi wangu: MAJI HAYA NI YA CHAI. Jana akayapikia chai kweli, akaniletea kikombe nilipokuwa nimeketi ngazini. Nikakinusa kwanza.

"Kwani imekuwa pafyumu?" akaniuliza.

Mjukuu wako,
Nasimiyu