Kufuli kwenye Mlango wa Mota

Jumatatu, 10 Machi 1997

Mvua tangu saa nane. Bado navuta waya kwenye gereji ya meneja. Ameletewa mashine ya kufungua mlango kwa rimoti. Anataka mlango ukifunguka, taa zote ziwake zenyewe. Mashine ina kibalbu chake kimoja, na taa nne za tyubu ni mzigo mkubwa kwake. Kwa hivyo waya wa kibalbu nimeupeleka kwenye rilei, swichi inayowashwa na umeme wenyewe, na rilei ndiyo itawasha tyubu. Shule niliacha darasa la sita. Haya nimejifunza hapa kwenye kiwanda cha chai, nikiwashikia mafundi ngazi.

Laini yetu, nyumba za vibarua, haina stima. Gari lake litakuwa na taa nne.

Jumanne, 11 Machi

Imekubali. Mlango ukapanda, taa zikawaka. Ukashuka, zikakaa dakika chache, zikazima. Meneja alibonyeza rimoti mara sita. Kirui, nyapara wetu, alisema mbele ya watu, "Huyu Jaluo ana kichwa." Jina langu liko kwenye orodha ya watakaoandikwa kazi ya kudumu. Miaka saba kibarua. Mke wangu Akinyi, aliye nyumbani, simwandikii mpaka nishike barua ya kazi.

Alhamisi, 13 Machi

Mashine imekufa. Meneja alitaka kutoka alfajiri, akabonyeza, mota ikanguruma, ikatoa moshi. Kirui alinifuata karakana.

"Umechoma mashine ya mkubwa na waya zako."

Nikamwambia waya zangu ni za taa, mota hazigusi.

"Fundi wa darasa la sita. Kesho rudi kwa majani."

Hakupanda hata ngazi kuangalia. Nimekasirika mpaka ugali umenishinda.

Ijumaa, 14 Machi

Nimepitia gereji kabla ya kuchuma. Komeo la mlango limepinda kama ndoano. Mota ilikuwa inavuta mlango uliopigwa kufuli!

Nikamuuliza mzee arap Too, askari wa pale. Hakuficha.

"Mama mwenyewe alinipa kufuli. Alisema mlango bila kufuli haujafungwa. Hata mimi naona hivyo, kijana yangu."

Kila asubuhi hulitoa. Jana meneja alimtangulia. Mzee amefunga milango ya hapa kwa kufuli tangu ujana wake, na hakuna aliyemweleza kwamba huu unajifunga wenyewe. Simlaumu. Lakini akinyamaza, mimi ndiye niliyechoma. Akisema, amemtaja mke wa meneja. Nilimwomba aseme.

Jumamosi, 15 Machi

Amesema. Alivua kofia akampelekea meneja kufuli mkononi. Meneja akacheka. Akamwita mkewe wacheke pamoja. Kwao ni kichekesho. Kirui anasema jina langu alilikata Alhamisi, orodha imeshapelekwa, ningoje mwaka ujao. Kulikata hakuuliza mtu. Kulirudisha anasema hana ruhusa. Pole hakuna aliyesema. Nawachukia wote watatu leo, meneja, mkewe na Kirui, na sitaki kusikia kanisani kesho kwamba ni dhambi.

Jumatatu, 17 Machi

Majani yana maji, kikapu kizito. Saa nne waliniita nifunge mota mpya. Nikafunga, nikajaribu, nikarudi shambani.

Jioni arap Too amekuja mlangoni kwangu na kibuyu cha mursik, maziwa yao ya kugandishwa. Nilitoa vikombe viwili. Tulikunywa tukiangalia mvua, kisha akaenda zamu.

Barua ya Akinyi nimeianza. Nimemwambia ng'ombe wa jirani asiachiwe mahindi, na kwamba mimi ni mzima.