Malale na Mwangwi wa Isfahani

Agape, nyie mmekaa tu hapo Ilembo! Malale kajimaliza huku Iran.

Semina imeisha, tukapelekwa kuona misikiti ya Isfahani. Kwenye ule mkubwa, mwenyeji akamwambia Malale asimame chini ya kuba, aseme chochote asikie mwangwi.

Malale akatazama, bosi wetu hayupo. Kiswahili nani ataelewa? Akapaza sauti: "Bosi anakoroma kama kiboko wa mtoni Sitalike!"

Kiboko, Agape. KIBOKO! Kuba zima likarudia.

Kumbe bosi yuko nyuma ya nguzo anapiga picha. Akaja polepole, akamsogeza Malale, akasimama palepale:

"Na Malale analia usingizini, anamwita mama!"

Mama... mama... mama...

Sasa wamenuniana, na hoteli haina chumba kingine cha kuwatenganisha.