Yakobo Alinyamaza Mbele ya Ukoo Wake

Mkuyuni, Uluguru
14 Agosti 1911

Mpendwa Kaka Lukasi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta huko Tanga ukiwa mzima, wewe na wifi Paskalia na watoto, na kwamba kazi ya mkonge haijakumaliza mgongo. Huku Mama hajambo, ila magoti yanamsumbua akipanda mlima. Mahindi tumeshavuna.

Uzima wangu mimi usiniulize, nimejaa uchungu mpaka kooni.

Ulisikia kwamba mume wangu Yakobo anaumwa: kiu isiyoisha, kukonda, na sisimizi kujaa pale anapokojoa. Nilimpeleka mjini Morogoro kwa daktari wa Kijerumani. Akauchemsha mkojo na dawa zake, akasema una sukari, na kumponya kabisa hawezi. Ila aache ugali, viazi, ndizi, asali na pombe. Ale mboga za majani, mayai na nyama. Yakobo alifuata, kaka. Kuku wangu wakaisha bandani, lakini kiu ilipungua, naye akashika jembe tena.

Ndipo ukoo wake ukaja kumjulia hali. Desturi yetu unaijua: mgonjwa huonja cha kila aliyemletea, akikataa ni kama amemwita mchawi. Dada yake, wifi Regina, akaleta togwa, uji ule mtamu wa kimea. Wengine wakaleta ndizi na viazi. Na kuonja kwao ni mpaka chungu kibaki kitupu. Nilipomsihi akanijibu, "Nikikataa togwa ya dada yangu, nitaishi na nani?" Mimi sikuhesabiwa.

Nikaanza kuwarudisha wageni mlangoni, na hapo nikawa mbaya. Wakasema namnyima chakula afe, niolewe na mwingine. Wakaitisha kikao, na Regina akamuuliza mbele ya wazee, "Kaka, huyu mkeo anakushindisha njaa, au tunamsingizia?"

Yakobo alijua. Mwili wake mwenyewe ulikuwa umemwonyesha. Akatazama chini, asitamke neno. Basi wakamchukua, wakampeleka kwa Regina.

Watu husema sikio la kufa halisikii dawa. Lake lilisikia vizuri sana, ila aliogopa kusemwa kuliko alivyoogopa kufa. Sasa macho yamefifia, kidonda cha mguu kinanuka, na bado wanamnywesha togwa apate nguvu. Nikienda kumwona naambiwa amelala. Sokoni wanawake wenzangu wanavuta watoto wao nikipita. Nampenda, na namchukia, wala sioni haya kukuandikia hivyo.

Mama anakusalimu sana, na mwanangu Alois anamwamkia mjomba wake. Nisalimie wifi na watoto wote. Mungu awafunike kwa mkono wake, awaepushe na maradhi ya aina hii na ndugu wa aina hii.

Kaka, omba ruhusa uje, usingoje habari ya msiba. Wewe ndiye mkubwa wetu, wewe hawawezi kukufungia mlango. Sikuiti uje kumponya, najua hilo limepita. Keti naye mbele ya Regina na wale wazee, umuulize tena lile swali. Ana neno moja tu la kunipa kabla hajafa, kwamba nilimlisha.

Mdogo wako akupendaye kwa moyo wote,
Rosa